Utatuzi wa Matatizo katika Upimaji wa Kemikali za Manukato kwenye Vipodozi

Kemikali za manukato katika vipodozi hupimwa zaidi kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi: sampuli hugeuzwa mvuke, hupitishwa katika safu ndefu nyembamba inayozitenganisha kemikali, kisha kila moja hutambuliwa kwa uzito wa vipande vyake na kuonekana kama kilele katika grafu iitwayo kromatogramu. Linapotoka jibu lisiloeleweka, wachambuzi wengi hukimbilia kuifungua mashine, kubadilisha safu au kumwita fundi. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho, kwa kuwa sehemu kubwa ya majibu mabaya huwa imeshaharibika kabla sindano haijaigusa sampuli: kemikali imeungana na jirani yake ndani ya chupa, imenaswa ndani ya nta, au imeingia kutoka kwenye mikono ya anayepima. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata dalili, na kwa kila dalili unauliza kwanza kemikali ilipitia wapi tangu ilipotiwa kwenye kipodozi.

Ugumu wa kazi unatokana na udogo wa viwango vinavyotafutwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1223/2009 inataka kila kizio, yaani kemikali ya manukato inayoweza kuleta mzio wa ngozi, kitajwe kwenye orodha ya viambato kikizidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini, kama losheni, au asilimia 0.01 katika bidhaa inayosuuzwa, kama shampuu. Orodha ya awali ilikuwa na vizio 26, lakini Kanuni Na. 2023/1545 imeipanua hadi kupita 80, na masharti yake yanazihusu bidhaa mpya kuanzia 31 Julai 2026 na zile zilizokwisha kuwapo sokoni kuanzia 31 Julai 2028. Asilimia 0.001 ni mikrogramu 10 tu katika gramu moja ya krimu, na kwa kiasi hicho losheni aliyojipaka mchambuzi asubuhi inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kabla ya kufuatilia dalili yoyote, ni lazima yawepo majibu matatu ya siku hiyohiyo: la sampuli tupu, yaani isiyo na kipodozi, iliyopitishwa katika hatua zote za maandalizi, la kiwango cha kati cha kalibresheni, yaani mchanganyiko wa vizio wa kiasi kinachojulikana unaotumika kuilinganisha mashine, na la sampuli ya kipodozi iliyoongezwa kiasi kinachojulikana cha vizio. Asiye na majibu hayo anabahatisha. La kwanza huonyesha kinachoingia kutoka nje, la pili huonyesha kama mashine inahesabu sawasawa, na la tatu huonyesha ni kiasi gani kinachopotea njiani.

Sampuli tupu inaonyesha vilele

Limoneni, linaloli na alkoholi ya benzili ndizo hujitokeza mara nyingi katika sampuli tupu, kwa kuwa zimo katika sabuni za vyombo, vitakasa mikono, dawa za kusafishia sakafu na mafuta ya kujipaka. Njia ya kutafuta chanzo ni kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kwanza mashine iendeshwe bila kudunga kitu chochote. Kilele kikionekana, uchafu umo katika sehemu ya kudungia, katika kizibo chake cha mpira au katika safu. Kisipoonekana, kidungwe kiyeyushi kutoka chupa iliyofunguliwa wakati huohuo, halafu kiyeyushi kilichomiminwa katika vyombo vya kioo vinavyotumika kila siku, na mwisho sampuli tupu kamili iliyopitia chumvi, vichujio na mirija yote. Hatua ambapo kilele kinajitokeza kwa mara ya kwanza ndiyo yenye kosa.

Ipo tofauti inayofaa kuangaliwa kati ya uchafu na mabaki ya sampuli iliyotangulia. Mabaki hupungua: ukidunga kiyeyushi mara tatu mfululizo baada ya sampuli nzito, kilele cha pili huwa kidogo kuliko cha kwanza na cha tatu huwa kidogo zaidi. Uchafu wa kiyeyushi au wa vyombo hubaki palepale. Kemikali nzito zinazochelewa kutoka, kama benzoeti ya benzili, salisileti ya benzili na sinameti ya benzili, ndizo huacha mabaki zaidi, na dawa yake ni kuiosha sindano kwa mizunguko mingi na kuiacha safu katika joto la juu kwa dakika kadhaa mwishoni mwa kila kipimo. Kilele chenye ioni ya 149, yaani kipande chenye chaji ya umeme cha uzito huo, kinachojitokeza kila mahali kwa kawaida ni thaleti. Kinaweza kutoka kwenye plastiki za maabara, lakini thaleti ya diethili hutumiwa pia kama kiyeyushi cha manukato yenyewe, kwa hiyo isifutwe kwenye taarifa kabla ya kuilinganisha na sampuli tupu.

Kilele kipo, lakini jina lake lina shaka

Tatizo hili ndilo huleta majibu ya uongo yanayoonekana mazuri, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua krimu ya misuli yenye mafuta ya mkaratusi. Katika safu ya kawaida yenye asilimia 5 ya fenili, p-simeni, limoneni, 1,8-sineoli na alkoholi ya benzili hutoka karibu wakati mmoja, zikifuatana kwa sekunde chache. Sineoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mkaratusi, hutoa ioni ya 108, na 108 ndio uzito kamili wa alkoholi ya benzili. Programu iliyowekwa kuhesabu kwa ioni hiyo itatangaza alkoholi ya benzili kwa wingi katika bidhaa ambayo haina hata tone. Ukweli unajulikana kwa kuangalia uwiano wa ioni: katika alkoholi ya benzili halisi ioni ya 79 ndiyo kubwa kuliko zote, na ile ya 108 huifuata kwa chini kidogo. Ioni ya 108 ikiwa juu ilhali ya 79 ni hafifu, na ioni za 43, 81 na 154 zikipanda na kushuka pamoja nayo, kilele hicho ni cha sineoli.

Kinga iliyo bora ni kuipima sampuli katika safu mbili zenye tabia tofauti, moja isiyo na ncha za umeme na nyingine yenye ncha, kama ile ya polithilini glikoli. Kiwango cha Ulaya EN 16274 kimejengwa juu ya wazo hilo. Kemikali mbili zinazogongana katika safu moja huachana katika nyingine, na kwa kuwa mgongano huongeza kilele wala haukipunguzi, jibu dogo kati ya mawili ndilo huaminika zaidi. Kanuni hiyo ina ukomo wake, nao husahaulika: ikiwa kemikali inaharibika au inanaswa katika mojawapo ya safu, jibu dogo litakuwa ndilo la uongo. Kwa hiyo sampuli iliyoongezwa vizio nayo ipimwe katika safu zote mbili.

Yujenoli na isoyujenoli zina uzito mmoja wa 164 na vipande vinavyofanana sana, hivyo muda wa kutoka ndio pekee unaozitenganisha, na muda huo uthibitishwe kwa kila kundi la sampuli. Sitrali ni mchanganyiko wa nerali na jeraniali, vilele viwili ambavyo lazima vijumlishwe, na farnesoli ina isoma kadhaa, yaani maumbo tofauti ya kemikali ileile. Anayehesabu kilele kimoja tu cha kemikali hizo atatoa jibu pungufu, huku mashine ikiwa haina kosa lolote.

Kiwango ni kidogo kuliko kilichotarajiwa

Hapa swali la kwanza ni kama kiasi kilichoongezwa kwa makusudi kimerudi. Kisiporudi, upotevu umetokea maabara. Kikirudi kamili ilhali kiwango cha bidhaa yenyewe ni kidogo, basi ama kemikali imetoweka kweli ndani ya bidhaa, ama imefungiwa mahali ambapo kiyeyushi hakifiki.

Upotevu wa maabara hutegemea sana aina ya kipodozi. Shampuu hutengeneza povu na utando wa maziwa kati ya maji na kiyeyushi, na sehemu ya kemikali hubaki humo; kuongeza chumvi ya kawaida, kupunguza kiasi cha sampuli na kuizungusha kwa kasi katika sentrifuji huuvunja utando huo. Rangi ya mdomo ina nta zinazoganda upya kiyeyushi kinapopoa, zikiondoka na manukato, kwa hiyo ziyeyushwe kwa joto la wastani, zigandishwe kwa makusudi, kisha nta iliyoganda ioshwe tena kwa kiyeyushi kabla ya kutupwa. Bidhaa zenye mafuta mengi zikidungwa bila kusafishwa huacha utando mweusi katika bomba la kioo la sehemu ya kudungia, na utando huo hunasa kemikali zenye kundi la hidroksili. Hidroksisitronelali ndiyo hulalamika kwanza: kilele chake hupungua na kuota mkia wakati limoneni bado iko sawa. Ukiona tofauti hiyo kati ya kemikali hizo mbili katika kiwango cha kalibresheni, badilisha bomba la kioo kabla ya kugusa kitu kingine.

Sabuni za mche zina jambo lake. Zenyewe ni za alkali, na katika hali hiyo yujenoli, isoyujenoli na salisileti hugeuka chumvi zinazopenda maji na kukataa kuingia katika kiyeyushi. Pete ya kumarini nayo inaweza kufunguka. Tiba ni kuitia sampuli asidi kabla ya kuzitoa kemikali kwa kiyeyushi, ingawa tiba hiyo ina gharama, kwa kuwa asidi huzikomboa asidi za mafuta zilizokuwa sabuni nazo hujaa katika kromatogramu. Mimi huona ni afadhali kuvumilia asidi za mafuta na kuzipunguza kwa safu ndogo ya silika kuliko kutangaza kwamba sabuni haina yujenoli.

Wanaopima hewa iliyo juu ya sampuli iliyopashwa moto huepuka uchafu huu wote, lakini hukutana na upungufu mwingine. Limoneni hupanda hewani kwa urahisi, ilhali salisileti ya benzili na benzoeti ya benzili hubaki chini katika mafuta. Kalibresheni iliyofanywa katika kiyeyushi kitupu haifai kwa njia hii. Ifanywe kwa kuongeza vizio katika kipodozi kilekile, kwa viwango vinavyopanda, na jibu lisomwe kutoka kwenye mstari huo.

Sasa tuseme kiasi kilichoongezwa kimerudi kamili. Jambo la kwanza la kufikiria ni vifuko vidogo vya polima ambavyo baadhi ya watengenezaji huvitumia ili harufu itoke polepole. Kizio kilichoongezwa na mchambuzi kiko nje ya vifuko, kwa hiyo kitarudi vizuri hata kama kile cha mtengenezaji kimebaki ndani. Kipimo cha nyongeza hakiwezi kugundua kosa hili. Kinachosaidia ni kurudia utoaji wa kemikali kwa muda mrefu zaidi, kwa mawimbi ya sauti au kwa kiyeyushi kikali zaidi, na kuangalia kama jibu linaendelea kupanda.

Jambo la pili ni kemia ya bidhaa yenyewe, na hapo maabara haina la kusahihisha. Aldehidi hujiunga na kemikali zenye kundi la amini. Hidroksisitronelali ikikutana na anthranileti ya methili, kwa mfano, hutengeneza kiwanja cha manjano cha jamii ya Schiff. Sitrali ikikaa katika alkali huvunjika na kutoa 6-methili-5-hepteni-2-oni, na sinamali katika hali hiyohiyo hutoa benzaldehidi. Kwa hiyo sitrali inapokosekana katika sabuni, kitafutwe kilele cha ketoni hiyo: kikiwapo kwa wingi, manukato yalitiwa na yakaharibika, kisipokuwapo, na mtengenezaji bado anasisitiza kwamba alitia sitrali, ni halali kumuuliza alitia nini hasa.

Kiwango ni kikubwa kuliko kilichotajwa na msambazaji wa manukato

Mara nyingi kosa ni la hesabu. Cheti cha msambazaji huonyesha asilimia ya kizio ndani ya manukato, si ndani ya kipodozi. Manukato yenye asilimia 2 ya linaloli, yakitiwa katika krimu kwa asilimia 0.5, huipa krimu asilimia 0.01 ya linaloli, yaani miligramu 100 kwa kilo, na kiasi hicho ni mara kumi ya kikomo cha kuitaja kwenye bidhaa inayobaki mwilini. Kosa jingine la hesabu ni kuchanganya ujazo na uzito: marashi yenye ethanoli nyingi ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo miligramu kwa lita si sawa na miligramu kwa kilo, na tofauti hiyo hufika zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Sampuli ipimwe kwa mizani.

Hesabu ikiwa safi, tafuta vyanzo vya pili. Alkoholi ya benzili huruhusiwa Ulaya kama kihifadhi hadi asilimia 1, na inapotumika hivyo haina uhusiano wowote na cheti cha manukato. Kilele chake huwa kikubwa kiasi cha kukizidi kigunduzi, hivyo sampuli ichanganywe upya kwa kiyeyushi kingi kabla ya kuhesabu. Linaloli hupanda bidhaa inapokaa, kwa kuwa aseteti ya linalili iliyomo katika mafuta ya lavenda na bergamoti huvunjwa na maji, hasa penye asidi, ikatoa linaloli. Aseteti ya benzili nayo hutoa alkoholi ya benzili. Dondoo za mimea zilizotiwa kwa sababu nyingine kabisa, kama mafuta ya maganda ya machungwa, huleta limoneni ambayo hakuna aliyeiweka kwenye hesabu ya manukato. Na vile viwanja vya Schiff vilivyotajwa juu vinaweza kuvunjika katika joto la sehemu ya kudungia na kurudisha aldehidi ambayo katika chupa haikuwa huru. Kushusha joto la kudungia na kulinganisha majibu mawili huonyesha kama jambo hilo linatokea.

Kalibresheni inahama wiki hadi wiki

Kosa la kawaida hapa ni kuhifadhi viwango katika ethanoli au methanoli. Alkoholi hizo hujiunga na aldehidi na kutengeneza asetali, hivyo sitrali, sinamali na hidroksisitronelali hupungua taratibu ndani ya chupa huku linaloli na kumarini zikibaki kama zilivyo. Mchambuzi anayeona aldehidi peke yake zikishuka asitafute zaidi. Atengeneze viwango vipya katika kiyeyushi kisicho na alkoholi, kama etha ya methili na tert-butili, na kuviweka mahali penye baridi na giza. Chupa ya alkoholi ya sinamili nayo ikaguliwe peke yake mara kwa mara, kwa kuwa huoksidishwa na hewa ikawa sinamali, na kiwango kilichochanganywa kutoka chupa kuukuu huwa na sinamali nyingi kuliko lebo inavyosema.

Vilele vyote vikipanda au kushuka kwa pamoja, sababu ni ujazo uliodungwa au kiyeyushi kilichovukiza, na kiwango cha ndani, yaani kemikali ya kulinganishia inayotiwa kwa kiasi kilekile katika kila sampuli, kama 1,4-dibromobenzeni, husahihisha hilo. Muda wa kutoka ukisogea kwa kemikali zote kwa kiasi kilekile, angalia mgandamizo wa gesi na mvujo.

Mashine haioni kitu kinachojulikana kuwapo

Si kila kizio hupimika kwa njia hii. Limoneni na linaloli zinapokaa hewani hutengeneza hidroperoksidi, ambazo huleta mzio kwa nguvu kuliko kemikali zilizozizaa, lakini huvunjika katika joto la kudungia na kutoweka. Furokumarini za mafuta ya bergamoti hupimwa vizuri zaidi kwa kromatografia ya kimiminika. Dondoo za kuvu-mwani wa mialoni ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, hivyo hakuna kilele kimoja cha kuziwakilisha. Kinachotafutwa ndani yake ni atranoli na kloroatranoli, ambazo Ulaya imezipiga marufuku pamoja na HICC, iliyouzwa kwa jina la Lyral, na bidhaa zenye kemikali hizo haziruhusiwi kuwapo sokoni tena tangu 23 Agosti 2021.

Maabara mbili zinapingana

Majibu ya miligramu 9 na 11 kwa kilo hayapingani, ingawa moja liko chini ya kikomo na jingine juu yake. Kabla ya kubishana, kila upande utoe kadirio la mashaka ya kipimo chake, na ikiwa kikomo kimo ndani ya mashaka hayo taarifa iseme hivyo waziwazi. Tofauti ikiwa ya mara mbili au tatu, ulizeni mambo haya kwa mpangilio: kama sampuli zimetoka katika toleo moja la uzalishaji, chupa ilifunguliwa lini, jibu ni la safu moja au mbili, na isoma zimejumlishwa au la.

Hali ni nyingine kwa kemikali zilizopigwa marufuku. Lilial, ambayo jina lake kwenye orodha za viambato ni methilipropionali ya butilifenili, imekatazwa katika vipodozi Ulaya tangu 1 Machi 2022, na kwa hiyo swali si tena kama imezidi kikomo cha kuitaja bali kama imo. Kilele chake kidogo chenye ioni za 189 na 204 kisiandikwe kuwa ushahidi hadi kithibitishwe katika safu ya pili, sampuli tupu iliyopimwa mara tu kabla yake ioneshe kuwa haina kitu, na sehemu mpya ya bidhaa, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, itoe jibu lilelile.